Maswali ya Wasomaji: Ndege Ikiwa Bado Chini, Marubani Wana Shughuli Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, hivi karibuni nilisafiri na mama mkwe wangu kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Ndege ilipokwisha kuondoka kwenye maegesho, mama alikumbuka kwamba dawa zake zimebaki kwenye gari lililotuleta, akamwomba mhudumu awaulize marubani kama zingeweza kuletwa na ndege inayofuata. Mhudumu alikataa katakata, akisema kwamba kwa wakati ule hawezi kuwapigia marubani kwa jambo kama hilo. Baadaye ndege ikasimama dakika kadhaa bila sisi kuelezwa chochote. Ilikuwa inakwenda taratibu kama daladala kwenye foleni. Marubani walikuwa na kazi gani ya kuwazuia kusikiliza neno moja? — Msomaji, Ilemela.

JIBU: Ndugu msomaji, mfikishie mama shikamoo yetu na umpe pole. Hata hivyo mhudumu yule alifanya kazi yake sawasawa, na lawama uliyombebesha haimstahili.

Ndege inapotembea chini, rubani mkuu huiongoza kwa usukani mdogo ulio kando yake, huku rubani msaidizi akishika redio. Mnara unawaelekeza wapite barabara zipi za viungio, wasimame wapi na wasivuke wapi, na maelekezo hayo hurudiwa kwa sauti ili mwongozaji ahakikishe kwamba yamesikika yalivyotolewa. Katikati ya mazungumzo hayo wanatakiwa pia kuhakikisha kwamba usukani wa angani unaitika pande zote, kulinganisha uzito wa ndege na kasi ya kurukia waliyoikokotoa, kupokea taarifa kwamba abiria wamefunga mikanda, na, katika ndege nyingi, kuteremsha flapu, yaani vile vibao vya nyuma ya bawa ambavyo anayekaa dirishani huviona vikishuka. Bila flapu, bawa la ndege kubwa ya abiria halipati nguvu ya kutosha kuinyanyua kwa kasi ya kawaida ya kuruka.

Kazi hizi, moja moja, si ngumu. Hatari ni kukatizwa. Mtu aliyekwisha nyoosha mkono kuelekea kwenye swichi, akaitwa na redio, akajibu, anaporudi huamini kwamba jambo lile amekwisha kulifanya, kwa sababu nia ya kulifanya bado anaikumbuka vizuri kama tendo lenyewe.

Tarehe 16 Agosti 1987, ndege ya Northwest namba 255 ilikuwa inajiandaa kuruka kutoka Detroit, Marekani. Hali ya hewa ilikuwa inabadilika, marubani wakabadilishiwa njia ya kurukia, ikawabidi waangalie upya kama uzito wao unakubaliana na njia hiyo mpya iliyokuwa fupi, na katika pilikapilika hizo wakapita kona waliyotakiwa kukata. Orodha ya ukaguzi inayosomwa wakati ndege inatembea haikusomwa, flapu hazikuteremshwa, na kengele ya tahadhari ambayo ingewazindua haikulia kwa kuwa haikuwa ikipata umeme. Walikufa watu 156, wawili kati yao wakiwa chini barabarani. Ndani ya ndege alipona mtoto mmoja wa miaka minne. Wale hawakuwa wavivu, na hilo ndilo linalotuuma tunapoisoma habari yao: walikuwa kazini muda wote.

Kuna na upande wa maongezi. Alfajiri ya tarehe 27 Agosti 2006, kukiwa bado giza, marubani wa ndege ya Comair namba 5191 pale Lexington, katika jimbo la Kentucky, walizungumza mambo yasiyohusu safari wakati ndege ikitembea. Waliruhusiwa kuruka kwa njia namba 22, yenye urefu wa zaidi ya mita 2,100, lakini wakaingia njia namba 26, ambayo ni nusu ya hiyo na inatumiwa na ndege ndogo. Namba hizo, kwa asiyezifahamu, ni uelekeo wa dira uliopunguzwa sifuri ya mwisho, kama ilivyo kwa 05 na 23 za njia kuu ya Dar es Salaam; kwa hiyo dira iliyokuwa mbele ya macho yao ilitofautiana na njia waliyoidhinishiwa kwa nyuzi 40 hivi. Wakiwa tayari wanashika kasi, rubani msaidizi alisema kwamba ni ajabu njia haina taa, na mkubwa wake akaitikia tu. Kati ya watu 50 waliokuwamo, alipona yeye rubani msaidizi peke yake.

Kanuni aliyoifuata mhudumu wenu ilitungwa Marekani mwaka 1981, baada ya ajali kadhaa, ikiwamo ya Charlotte ya mwaka 1974 iliyoua watu 72 marubani wakiwa wameshikwa na soga wakati wa kushuka. Inakataza mazungumzo na shughuli zisizohusu usalama wakati ndege inatembea chini, inaporuka, inapotua, na inapokuwa chini ya futi 10,000, isipokuwa katika safari tulivu ya kawaida, na mashirika mengi duniani yameiingiza katika taratibu zake.

Kuhusu kusimama, ndege husimama kabla ya mistari minne ya manjano iliyochorwa mbele ya njia ya kurukia, miwili mizima na miwili ya vipande, ikingoja nyingine itue au iondoke. Wakati mwingine marubani wenyewe humwomba mwongozaji wasimame, wavute breki na kuisoma orodha upya kutoka juu, kwa sababu jambo fulani limewakatiza. Kwetu sisi huo ndio urubani hasa. Tungefurahi kama abiria wangetangaziwa, lakini anayetakiwa kutangaza ndiye huyo huyo anayesoma orodha.

Tusieleweke vibaya, tukadhani kwamba abiria anatakiwa anyamaze hata akiona hatari. Tarehe 10 Machi 1989 huko Dryden, Kanada, ndege iliruka ikiwa na theluji juu ya mabawa. Ndani yake walikuwamo watu walioiona, wakiwamo mhudumu na marubani waliokuwa wakisafiri kama abiria, na hakuna aliyewaambia waliokuwa mbele. Watu 24 walikufa. Moshi, harufu ya kuungua, mafuta yanayovuja, mtu aliyezimia: hayo mwambie mhudumu papo hapo, hata kama ndege inakaribia kuruka, naye atawapigia marubani bila kusita.

Dawa za mama nazo zingegeuka jambo la usalama kama asingeweza kukaa bila kuzinywa hadi Mwanza, na hapo mngemweleza mhudumu hivyo waziwazi. Kama angeweza kusubiri, ujumbe ule ule ungepokewa vizuri kabla mlango haujafungwa, au baada ya ndege kutulia juu, wakati ambapo mhudumu ana ruhusa ya kuwapigia marubani, nao wana nafasi ya kuwasiliana na wenzao waliobaki Dar es Salaam.