Barua kwa mwanangu: Nafanya nini huku Kyangwali

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho taa nimeshazima. Umesema wenzako kazini hapo Dar es Salaam wakikuuliza mama yako yuko wapi, unawajibu, "Yuko Uganda, ni mmisionari." Wakikuuliza anafanya nini hasa, unakosa la kuwaambia. Kisha ukaniuliza mwenyewe, sauti imeshuka kidogo: "Mama, ukiamka asubuhi huko, siku nzima unafanya nini?"

Ni haki yako kuuliza. Ripoti ninazowaandikia wanaonichangia huko nyumbani zina hesabu za waliobatizwa na waliomaliza kusoma, na wewe hukuuliza hesabu. Simu huku inakatika katika kila sentensi, na jambo hili silitaki likufikie nusu nusu, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Naamka saa kumi na moja. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, na mzee anayeigonga hajawahi kuchelewa tangu nimjue. Sala ya asubuhi haizidi nusu saa. Baada ya hapo nachukua madumu yangu mawili, huku wanayaita jerikeni, naenda kupanga foleni kwenye pampu ya maji. Wiki za mwanzo akina mama walitaka nipite mbele kwa kuwa ni mgeni na ni mtu wa kanisa. Nilikataa, na nashukuru nilikataa. Pale kwenye foleni ndipo ninapojua nani kajifungua usiku, nani mtoto wake kashikwa na malaria, nani hakuwasha moto jana. Nikirudi na maji yangu, ratiba ya siku ninayo kichwani. Wengine huketi ofisini kuipanga kazi, mimi naipangia pale.

Ulipokuwa mdogo nilikuonyesha Ziwa Albert kwenye ramani. Ng'ambo yake ni Ituri, Kongo, na huku kwetu ni wilaya ya Kikuube, iliyokuwa zamani sehemu ya Hoima. Watu wamevuka ziwa hilo kwa mitumbwi wakikimbia mauaji, na 2018 walikuja kwa maelfu. Kambi hii ya wakimbizi ya Kyangwali ina zaidi ya watu laki moja. Wanaita kambi, lakini usifikirie mahema na ua wa waya. Ni vijiji, udongo mwekundu, mahindi, maharage, na kila familia imepewa kipande cha ardhi. Nikiteremka bondeni kuelekea Sebagoro, pale juu ya mteremko mkali, siku isiyo na ukungu naiona milima ya Kongo ng'ambo ya maji. Mara ya kwanza nilisimama nikasema, "Pazuri hapa." Mama niliyekuwa naye hakujibu. Alikuwa ananyoosha kidole kama mtu anayehesabu, akitafuta upande wa kijiji chao. Tangu siku hiyo nikifika pale nanyamaza kwanza.

Kiswahili chao ni kile kile, lakini kimekulia nyumba nyingine. Kisamvu ni sombe. Sisi tunakuja, wao wanakuya. Ugali wanaita bugali, na Waganda wanaita posho, neno ambalo kwetu ni pesa ya mfanyakazi ya siku. Shikamoo hawana. Kijana wa umri wako atanipa mkono, "Jambo, mama!", basi. Mwanzo iliniuma, sikufichi. Nilidhani wananidharau, hadi nilipotazama vizuri nikaona akinipa mkono wa kulia, wa kushoto anaushika kwenye kiwiko na kuinama kidogo. Ile ndiyo shikamoo yao. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kusalimiwa.

Saa nne hadi saa saba natembelea nyumba. Hapa nataka nikae kidogo, maana jibu la swali lako liko hapa.

Kuna bibi mmoja, jina lake sitaliandika, alivuka ziwa na wajukuu watatu. Tangu 2020 mgao wa chakula wa wakimbizi umepunguzwa zaidi ya mara moja, na nyumbani kwake nilijua wanakula mara moja kwa siku. Aliugua, nikamwendea na sukari na sabuni. Nikasali naye, nikainuka niondoke, akasema kaa. Akamtuma mjukuu nje. Baada ya muda mrefu likaletwa bakuli la sombe iliyopikwa kwa mawese, nyekundu, na bugali moto. Watoto wawili walisimama mlangoni wakilitazama lile bakuli. Nikasema ahsante sana, nimeshiba. Mwanangu, nilikuwa nimekunywa chai tupu tangu asubuhi.

Bibi akachukua sahani, akalifunika bakuli, akakaa. Hakukasirika. Baada ya kitambo akaniuliza, "Mama, unaniona niko mutu wa kupewa tu?"

Nilifunua bakuli nikala. Kila tonge lilipita kwa shida, macho ya wale watoto nayahisi shingoni. Bibi alinitazama hadi nikamaliza, ndipo akalala. Usiku ule sikupata usingizi. Miaka yote niliyofundisha shule, na miaka yote niliyokuwa katekista kwetu Muheza, nilijifunza kutoa. Kupokea hakuna aliyenifundisha. Na Bwana alipowatuma wale sabini hakuwapa magunia ya kugawa. Aliwaambia wasichukue mfuko, wakae nyumba watakayokaribishwa, wale watakachowekewa. Nilikuwa nimesoma maneno hayo mbele ya watu nisiweze kuyahesabu mara ngapi.

Kwa hiyo wenzako wakikuuliza, waambie mama yako kazi yake ni kukaribishwa. Nakwenda nyumbani kwa mtu aliyenyang'anywa shamba, ng'ombe na kaburi la mumewe, nakaa chini kwenye mkeka wake kama mgeni, na kwa saa ile yeye ni mwenye nyumba. Siendi mikono mitupu, kwetu mgeni haendi mikono mitupu. Lakini ninachobeba nakibeba kama mgeni, sikiandiki kwenye daftari. Injili naisoma baada ya kula. Wapo wenzangu wanaoona napoteza muda, na mmoja aliniambia kwa njia hii nitafika nyumba chache mno. Ni kweli zinakuwa chache. Siwezi kwenda kwa namna nyingine.

Mchana ni darasa la kusoma, wanawake kumi na tisa na mwanaume mmoja. Watoto wao wanasoma shule za Uganda kwa Kiingereza, wazazi walisoma kidogo kwa Kifaransa, wengine hawakusoma kabisa, basi barua ya mwalimu ikija nyumbani inakaa juu ya kabati haina wa kuifungua. Tunaanza na Kiswahili. Mwezi uliopita mama mmoja wa miaka kama sitini aliandika jina lake mara ya kwanza. Aliliandika kubwa, likajaza ukurasa, kisha akaomba niuchane amwonyeshe mumewe. Sikutaka kuharibu daftari. Nikauchana.

Juu ya safari sina mengi. Jumatano na Jumamosi naenda makanisa madogo ya mbali kwa bodaboda. Umejua neno hilo lilizaliwa Busia, pale mpakani, kwa vijana waliokuwa wakivusha watu kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka hadi kingine? Mimi nilikuwa sijui. Masika njia ni utelezi mtupu, nimeanguka mara mbili, goti limepona. Kampala naenda kwa ajili ya karatasi za kibali, kama kilomita 200 kutoka Hoima, nalala kwa masista, narudi. Kuna lami nyingi mpya huku, imeletwa na mafuta. Bomba lenyewe linaanzia Kabaale, hapa Hoima, na kilomita 1,443 mbele yake ni Chongoleani, kwetu Tanga. Siku za upweke hilo hunifariji zaidi ya nilivyotegemea.

Jirani zangu nje ya kambi ni Wanyoro. Kwao mtu ana jina lake, halafu ana empaako, jina la heshima na mapenzi, na ni machache tu: Amooti, Akiiki, Abwoli, Adyeri na mengine hayo. Usipoliuliza, hujasalimia. Mzee mmoja aliposikia natoka Tanzania alinitazama sana, akasema, "Mtoto wa Bakombozi." Hivyo ndivyo walivyowaita askari wetu waliomwangusha Amin 1979, yaani wakombozi. Akanieleza kwa nini watu wa rika lake wanakiogopa Kiswahili: walikisikia kwa askari wa Amin, usiku, mlangoni. Serikali yao sasa inataka kifundishwe shuleni, nami nafurahi, lakini namwelewa mzee. Tangu siku hiyo kwake naingia na salamu ya Kinyoro niliyofundishwa, Kiswahili kinafuata baadaye akikitaka mwenyewe. Mkewe ndiye aliyenipa empaako. Mimi ni Adyeri. Wapo wahubiri wanaowakataza watu majina haya, wanasema ni ya mizimu. Naona wanakosea, na nimewaambia. Jina ambalo jirani anakuitia ili akupende halina ubaya mbele za Mungu.

Uliuliza pia, kwa kupita, mbona sisi tumekua tukijua mmisionari ni Mzungu. Hapo kwetu Magila ni kweli tuliwaona hao, na makaburi yao tunayafagia. Lakini uliza watu wa Boga, huko Ituri, nani aliwaletea Injili. Watakuambia Apolo Kivebulaya, Mganda, aliyefika kwao 1896. Alipigwa, akafungwa, akarudi, na alipokaribia kufa 1933 aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu ambako kazi ilikuwa bado, ingawa desturi ya kwao ni mashariki. Wajukuu wa watu aliowabatiza ndio wengine wao wanaonifunulia bakuli leo. Na kabla yake, mmisionari Mackay alipofika Buganda 1878 alianza kusoma Injili kwa Kiswahili, ile iliyotafsiriwa Unguja na Askofu Steere, kwa sababu ya Kiganda ilikuwa haijachapwa. Lugha yetu ilitangulia kufika huku, mimi nimekuja nyuma yake.

Swali moja hukulitamka, ila nimekusikia. Sikukimbia kaburi la baba yako. Nilikaa mwaka mzima baada ya mazishi, nikifagia uwanja ambao hakuna anayeuchafua, na wito huu ulikuwa umekuja tangu yeye yu hai. Yeye ndiye aliyeniambia, "Ukipata nafasi, nenda." Nyinyi nilidhani mmekua. Kama uliona nimekuacha mapema, naomba radhi, na nataka tulizungumze uso kwa uso. Nimebakiza mwaka mmoja na miezi minne.

Umesema utapata likizo Krismasi. Njoo. Panda basi la kupitia Arusha, utagonga pasi Namanga na tena Busia, na usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana wanaiuliza. Baada ya Jinja na msitu wa Mabira basi litasimama Namawojjolo, wauzaji watajaa madirishani. Nunua gonja, ndizi za kuchoma, kuku mwache kama huoni anachomwa. Ukilala Kampala, asubuhi chukua gari la Hoima, nitakungoja stendi. Usithubutu kuja kambini usiku.

Niletee kanga jozi mbili, moja yangu, moja ya yule bibi, na nazi kadiri utakavyoweza kubeba. Amepona, siku hizi anafuga kuku wawili. Nilipomwambia mwanangu huenda akaja, aliuliza jambo moja tu, kama unakula sombe. Nimemwambia unakula.

Mama yako