Maswali ya Wasomaji: Je, Kukataa Kumrejesha Mtuhumiwa ni Kumficha Gaidi?

Katika toleo lililopita tuligusa, kwa aya chache, lawama ambazo serikali hurushiana kwamba nchi fulani inawahifadhi magaidi wa kigeni na kukataa kuwarejesha kule wanakotakiwa kujibu mashtaka. Barua zilizoingia baada ya hapo zimekuwa nyingi, na nyingi zaidi zimetoka Nyanda za Juu Kusini, ambako watu wanaishi na mipaka mlangoni na kumbukumbu za wapigania uhuru bado ziko vichwani mwa wazee. Nimechagua tano.

Swali: Ndugu Mwandishi, hapa kwetu mwizi wa simu akishavuka tu yuko Nakonde, na polisi wetu hubaki wakimtazama. Ikiwa kwa mwizi wa simu ni hivyo, kwa gaidi aliyeua mamia inakuwaje? Kwa nini nchi moja isiseme "tupeni mtu wetu" na akatolewa siku hiyo hiyo? (Mfanyabiashara, Tunduma)

Jibu: Ndugu yangu wa Tunduma, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka ndipo mamlaka ya polisi wetu yanapokoma, na askari wa Tanzania atakayemkamata mtu upande wa pili bila idhini ya Zambia atakuwa ametenda kosa katika nchi ya watu. Ndiyo maana nchi huandikiana mikataba ya kubadilishana wahalifu. Kwa upande wetu jambo hili linaongozwa na sheria ya mwaka 1965, na mwendo wake ni huu: nchi inayomtaka mtu huleta maombi kwa njia ya kibalozi, waziri huyafikisha kwa hakimu, na hakimu husikiliza ushahidi akijiuliza kama ungetosha kumfikisha mtu huyo mahakamani lau kosa lenyewe lingetendwa hapa. Hakimu haamui kwamba mtu ana hatia, anaamua tu kama kuna jambo la kujibu. Hata akiridhika, mtuhumiwa anayo nafasi ya kwenda Mahakama Kuu kupinga kabla hajakabidhiwa.

Kutoana kwa haraka kumewahi kutokea, na sisi wenyewe tulihusika. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982 nchini Kenya, Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu walikimbilia Tanzania kwa ndege ya kijeshi wakapewa hifadhi. Mwaka uliofuata, serikali hizi mbili zilipokuwa zikipatana upya baada ya miaka ya uhasama, walirudishwa Kenya, nasi tukakabidhiwa Watanzania waliotuhumiwa kupanga kumpindua Mwalimu Nyerere ambao walikuwa wamekimbilia huko. Ochuka na Okumu walinyongwa mwaka 1987. Sisemi kwamba walichofanya kilikuwa halali, lakini mtu aliyepewa hifadhi mwaka huu akageuzwa kuwa sehemu ya mabadilishano mwaka ujao anatuonyesha kwa nini ni afadhali suala hili lipite mikononi mwa hakimu, hata kama litachukua muda.

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwalimu, na nyumbani kwetu si mbali na Mgagao, ambako vijana wa Zimbabwe walikuwa na kambi yao. Marehemu babu yangu alikuwa akiwauzia mahindi, na alisema walikuwa wakilipa bila kubishana bei. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu ameniuliza kama Tanzania nayo ilikuwa inawaficha magaidi, maana ndivyo serikali ya Rhodesia ilivyowaita vijana wale. Nimeshindwa kumjibu. (Mwalimu wa sekondari, Kilolo)

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Mwanafunzi wako ameuliza swali ambalo watu wazima wengi hulikwepa, na anastahili jibu kamili.

Ni kweli kwamba lawama hiyo ilitolewa, na ilitolewa kwa miaka mingi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, FRELIMO wa Msumbiji walifunza wapiganaji wao Nachingwea, ANC wa Afrika Kusini walikuwa Kongwa na baadaye Mazimbu, na hapo Mgagao ndipo wapiganaji wa ZANU walipotoa tamko lao la mwaka 1975 lililomsaidia Robert Mugabe kupanda katika uongozi wa chama. Machoni pa serikali za Salisbury (Rhodesia), Pretoria (Afrika Kusini) na Lisbon (Ureno), wote hao walikuwa magaidi na Tanzania ilikuwa pango lao. Nelson Mandela mwenyewe, aliyekwisha kuwa rais na kustaafu, alibaki katika orodha ya Marekani ya watu wanaohusishwa na ugaidi hadi mwaka 2008.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwambia mwanafunzi wako ni kwamba neno "gaidi", likitamkwa na serikali inayomtaka mtu, bado si ushahidi. Sheria yetu ya 1965, kama zilivyo sheria za nchi nyingi, inakataza kumtoa mtu kwa kosa la kisiasa, na kinga hiyo iliwekwa kwa sababu watawala wa kila zama wamekuwa wakiwaita wapinzani wao wahalifu. Serikali ya wachache iliyowanyima haki ya kura watu walio wengi katika nchi yao haikuwa na mahakama ambayo mtu mwenye dhamiri angeweza kumkabidhi kijana wa Mgagao.

Lakini usiishie hapo, Mwalimu, maana mwanafunzi mwerevu atakuuliza la pili. Mwaka 1978 wapiganaji wa ZIPRA, kundi jingine la wapigania uhuru wa Zimbabwe, ambao makao yao yalikuwa Zambia, waliidungua ndege ya abiria iliyokuwa imeruka kutoka Kariba, na watu kumi walionusurika katika ajali ile walipigwa risasi wakiwa chini. Kiongozi wao, Joshua Nkomo, alikiri kwamba ndege ilidunguliwa na watu wake, akakana kwamba wao ndio waliowaua walionusurika. Mimi naamini kwamba vita vya Zimbabwe vilikuwa vya haki, na naamini vilevile kwamba aliyempiga risasi abiria aliyejeruhiwa alipaswa kufikishwa mbele ya hakimu huru, awe wa upande wowote. Mikataba ya kimataifa imekuwa ikielekea huko huko: ule wa The Hague wa 1970 juu ya utekaji wa ndege, ule wa Montreal wa 1971 juu ya kuhujumu ndege, na ule wa 1997 juu ya mabomu ya kigaidi, ambao unasema waziwazi kwamba kulipua watu hakuhesabiwi kuwa kosa la kisiasa linapokuja suala la kumrejesha mtuhumiwa. Kumpa hifadhi mpigania uhuru ni jambo moja. Kumkinga muuaji wa wasafiri asiulizwe lolote na mtu yeyote ni jambo lingine, hata kama ni mtu yule yule.

Swali: Mwaka 1998 shangazi yangu alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, na siku ya bomu la ubalozi wa Marekani tulikaa hapa Uyole hadi usiku tukingoja simu kwa jirani. Yeye alisalimika. Nimesoma kwamba baadhi ya watuhumiwa walikaa Uingereza miaka mingi bila kutolewa. Huko si kuwaficha? (Msomaji, Uyole, Mbeya)

Jibu: Nashukuru kwamba shangazi yako alisalimika. Watu 11 hawakusalimika Dar es Salaam siku ile ya Agosti 7, na Nairobi walikufa zaidi ya 200, wengi wao wapita njia na makarani ambao hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Swali lako nimelisoma mara kadhaa kabla ya kujibu.

Ulichosoma ni kweli. Khalid al-Fawwaz alikamatwa London mwezi mmoja na kitu baada ya milipuko, na hakupelekwa Marekani hadi Oktoba 2012, yaani baada ya miaka 14. Katika miaka hiyo kesi yake ilipanda kutoka mahakama moja hadi nyingine, ikafika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya huko Strasbourg. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha maisha New York. Ucheleweshaji huo nauita dhuluma kwa waliofiwa, kwani kuna wazazi waliokufa wakingoja. Hata hivyo siuiti kuficha, kwa sababu mtu huyo alikuwa ndani, jina lake lilijulikana, maombi ya kumtaka yalikuwa mezani, na kila hoja yake ilijibiwa hadharani.

Linganisha na Sudan ya miaka hiyo hiyo. Juni 1995 watu wenye silaha walijaribu kumuua Rais Hosni Mubarak wa Misri mjini Addis Ababa. Ethiopia ilisema watuhumiwa watatu wamekimbilia Sudan, ikaomba warejeshwe, na Khartoum ikajibu kwamba haiwaoni. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitoa azimio Januari 1996 likiitaka Sudan iwatoe, kisha vikwazo vya kidiplomasia vikafuata Aprili, na bado hawakutolewa. Osama bin Laden naye, aliyekuwa ameishi Sudan tangu mwanzoni mwa muongo ule, aliondoka Mei 1996 kwenda Afghanistan, na kutoka huko ndiko alikoongoza mtandao uliolipua Nairobi na Dar es Salaam. Baraza la Usalama lilipoitaka Taliban, waliokuwa wakitawala Afghanistan, imtoe, kwa azimio namba 1267 la mwaka 1999, jibu lilikuwa kukataa, na hakuna mahakama yenye maana iliyomfungulia kesi kule alikokuwa. Mtu yuko huru, anajulikana, anaendelea kupanga, na mwenyeji wake hamrejeshi wala hamshtaki. Hiyo ndiyo hifadhi ya gaidi kwa maana yake halisi. Sudan ililipa dola milioni 335 kwa wahanga wa balozi zile na wa mashambulizi mengine dhidi ya Wamarekani ndipo ikaondolewa katika orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi, Desemba 2020.

Ipo pia kesi ya tatu, ambayo ningependa uijue kwa kuwa inamhusu Mtanzania. Khalfan Khamis Mohamed, mmoja wa walioandaa bomu la Dar es Salaam, alikutwa Cape Town mwaka 1999 akifanya kazi mgahawani kwa jina lisilo lake. Maofisa wa Afrika Kusini walimkabidhi kwa Wamarekani ndani ya siku chache tu. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitamka kwamba serikali ilivunja katiba, kwa sababu ilimtoa mtu bila kudai kwanza ahadi kwamba hatanyongwa. Hukumu hiyo ilipelekwa New York, ambako kesi ilikuwa inaendelea, na mwishowe alipewa kifungo cha maisha badala ya kifo. Wapo waliokasirika. Mimi naona majaji wale waliwatendea haki hata waliofiwa, maana hatia ya mtu yule ilithibitishwa na serikali ikakumbushwa mipaka yake, na hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililofuta lingine.

Swali: Mbona lawama hizi huelekezwa kwa nchi maskini tu? Wakubwa hawafichi? (Mwanafunzi wa chuo, Iringa)

Jibu: Wanalaumiwa pia, ila vikwazo haviwafuati. Oktoba 6, 1976 ndege ya abiria ya Cuba ililipuliwa karibu na Barbados, wakafa watu wote 73. Luis Posada Carriles, aliyetuhumiwa kupanga shambulio hilo na ambaye alikana, alitoroka gerezani Venezuela mwaka 1985. Alipoonekana Marekani mwaka 2005 Venezuela iliomba arejeshwe, lakini hakimu wa uhamiaji akasema hawezi kupelekwa huko kwa hofu ya kuteswa. Hofu ya mateso ni sababu halali. Lakini Marekani haikumshtaki yenyewe kwa vifo vya watu wale, ilimshtaki kwa kudanganya maofisa wa uhamiaji, akaachiwa huru mwaka 2011 na kufa Florida mwaka 2018. Kwa kipimo nilichompa msomaji wa Uyole, Marekani ilishindwa pale pale iliposhindwa Sudan, yaani haikumrejesha na haikumshtaki. Ufaransa nayo iliwakalia kwa miongo mingi Waitaliano waliopatikana na hatia ya vitendo vya kigaidi vya miaka ya 1970 na 1980, na Machi 2023 mahakama yake ya juu ikathibitisha kwamba kumi kati yao hawatarejeshwa.

Swali: Je, kama nchi hizo mbili haziaminiani kabisa, wafiwa wafanye nini? Na kama mtu akiua hapa kwetu kisha akakimbilia Ulaya, tutampata? (Mkulima wa parachichi, Njombe)

Jibu: Kanuni ya zamani inasema umtoe au umshtaki mwenyewe, na sisi tumewahi kuiona ikifanya kazi. Februari 1982 vijana wa Kitanzania waliteka ndege ya Air Tanzania iliyotoka Mwanza, wakaipeleka hadi Stansted, Uingereza. Walishtakiwa huko huko na kufungwa huko.

Nchi zisipoaminiana hata kwa hilo, hutafutwa mahali pa tatu. Libya ilikataa kuwatoa watu wake wawili waliotuhumiwa kulipua ndege juu ya Lockerbie, Scotland, Desemba 21, 1988, ambako walikufa watu 270. Ikawekewa vikwazo miaka saba, na viongozi wa Afrika waliokutana Ouagadougou mwaka 1998 wakasema hawataviheshimu tena vile vya usafiri wa ndege. Kwa upatanishi ambao Mandela alishiriki, ilikubaliwa kwamba majaji wa Scotland waketi Uholanzi. Watuhumiwa walikabidhiwa Aprili 1999. Mmoja alihukumiwa, mwingine akaachiwa huru. Mahakama inayoweza kumwachia mtu ndiyo ambayo nchi nyingine hukubali kumkabidhi mtu.

Kuhusu muuaji aliyekimbilia Ulaya, anaweza kupatikana, lakini kwa kuwa sheria yetu bado ina adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji, nchi nyingi za huko hazitamtoa mpaka Tanzania itoe ahadi ya maandishi kwamba hatanyongwa. Ahadi hiyo ikitolewa mapema na jalada likapelekwa likiwa na ushahidi kamili, kazi ya hakimu wa kule inabaki kuwa ndogo.