Kadi ya Harusi: Kwanza Ijulikane Ni Nani Anayealika

Wewe unayeanza kazi ya kuandika kadi za mwaliko wa harusi utakuta wateja wengi wamekwisha kuchagua rangi na karatasi, lakini hawajaamua jambo linalobeba kadi nzima, yaani ni nani anayealika. Usiandike mstari hata mmoja kabla ya kupata jibu, kwa sababu kitenzi, viwakilishi na namna ya kuwataja maarusi hulifuata jibu hilo. Wazazi wakialika, kadi itasema "Familia ya Bw. na Bi. Fulani inayo furaha kukualika kwenye harusi ya binti yao mpendwa", maarusi wakialika wenyewe, itasema "Tunayo furaha kukualika kwenye harusi yetu". Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuzichanganya sauti hizo mbili, kadi ikaanza kwa familia na kumalizia kwa "karibu katika siku yetu", hata mgeni asijue anayezungumza naye ni mzazi au ni bwana harusi.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika pale ambapo mzazi amefariki dunia au wazazi wameachana. Marehemu hawezi kuandikwa kama mwalikaji, lakini kumwacha kabisa huumiza, kwa hiyo jina lake huwekwa katika maelezo ya mtoto: "binti wa Bi. Fulani na marehemu Bw. Fulani". Wazazi walioachana waandikwe kila mmoja kwa jina lake kamili na katika mstari wake, na kama yupo mlezi aliyemkuza mtoto, uliza iwapo naye atajwe. Maswali haya yaulizwe mapema na kwa faragha. Mimi huyapa muda mrefu kuliko mapambo yote, kwa kuwa hapo ndipo kadi inapoweza kumheshimu mtu au kumvunjia heshima.

Kuhusu muda, "saa 8:00" peke yake haitoshi, kwa maana msomaji wa Kiswahili huhesabu kuanzia alfajiri ilhali mwingine huhesabu kuanzia usiku wa manane. Andika "saa nane mchana", na kwenye nakala ya lugha nyingine muda huohuo uwe 14:00. Siku ya juma ilinganishwe na tarehe kwenye kalenda ya mwaka husika. Ikiwa ndoa itafungwa mahali pamoja na tafrija kufanyika pengine, kila tukio lipewe saa na mahali pake.

Mgeni naye ajue idadi anayoruhusiwa kuja nayo. "Wewe na mwenzi wako" si sawa na "wewe na familia yako", na kutaja walioalikwa kwa majina ni uungwana zaidi kuliko kuandika kwamba watoto hawatakiwi. Ombi la zawadi lisiwekwe kwenye kadi yenyewe. Ombi la majibu liwe wazi, kwa mfano "Tafadhali tujulishe kama utahudhuria kabla ya tarehe fulani", likiambatana na namba ya mtu mmoja atakayepokea majibu. Wiki tatu kabla ya harusi ni kikomo kinachowapa waandaaji nafasi ya kupanga viti.

Majina yote yanakiliwe kutoka maandishi ya wenyewe, si kwa kusikia kwenye simu, kisha pande zote mbili zisome nakala ya mwisho na kuiidhinisha kwa maandishi kabla haijapelekwa kuchapishwa.