Shangazi, namsomea mtoto wa miaka miwili, nacheza?

Shikamoo shangazi, mwanangu ana miaka miwili, namsomea vitabu kila usiku, mume wangu ananicheka eti namsomea mtu hata kuongea bado, kweli napoteza muda?
Mama Dogo, Tabata

Marahaba mwanangu. Hupotezi kitu, mtoto anaokota maneno kabla hajaanza kuyasema, na kitabuni yapo ambayo nyumbani hayatajwi, we nani atataja nyangumi wakati wa ugali? Msomee kilekile hata mara kumi, akirukia picha ya fisi mwache, siku ukiruka mstari atakukosoa mwenyewe ubaki unacheka. Vitabu bei najua, ila Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi, Dar, ipo tangu 1967, ina sehemu ya watoto. Na huyo baba mpe zamu, afanye sauti ya fisi.