Kizibo cha dumu

Mwanangu wa kwanza amekua na chuchu bandia mdomoni, ile ya mpira ambayo wengine mnaiita nyonyo. Nilikuwa nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na pale ukigeuka kumbembeleza mtoto, mteja wa jumla keshahamia meza ya jirani. Namchomekea chuchu, anatulia. Ikidondoka kwenye magunia naifyonza mwenyewe, namrudishia. (Msinicheke, na nyie mmefanya.)

Mama mkwe alikuja kutusalimia kutoka Magu. Siku ya tatu akasema, "Mwanangu, mtoto umemfunga kizibo kama dumu. Ataongea saa ngapi?" Nilinuna. Mtoto alikuwa na mwaka na miezi saba, na akitaka maji ananyoosha kidole na kuguna tu, "mm."

Kliniki muuguzi hakunigombeza. Aliuliza: akiwa macho, anakaa nayo muda gani? Nikaanza kuhesabu, tangu kupanda daladala asubuhi hadi kuoga jioni, nikaishia njiani kwa aibu. Akataka masikio yaangaliwe, na kweli nyuma ya ngoma kulikuwa na majimaji. Chuchu ya muda mrefu inahusishwa na maambukizi ya sikio la kati, na asiyesikia vizuri ataiga nini?

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliwapa watoto wa miezi 6 kifaa cha kung'ata kinachozuia ulimi. Wakashindwa kutofautisha sauti mbili za "d" za Kihindi, ambazo ulimi ukiwa huru huzitofautisha. Kumbe mtoto anasikiliza na kwa ulimi! Hilo halithibitishi kwamba chuchu huchelewesha maneno baadaye, na tafiti zenyewe hazijakubaliana. Kosa langu naliona kwingine: mtoto akibwabwaja mtu humjibu, wangu alikuwa kimya, nami siku nzima sikumsemesha.

Kwa hiyo usianze chuchu kabla hajazoea kunyonya ziwa. Iwe ya kulalia. Wapo madaktari wanaoikubali usingizini kwa sababu inahusishwa na kupungua kwa vifo vya ghafla vya watoto wachanga. Akiamka, itoke. Ichemshe, usiifunge shingoni kwa kamba, na usiichovye kwenye asali, ni hatari kwa aliye chini ya mwaka. Na akifika miaka miwili haungi maneno mawili, kapimwe masikio. Ile ya "wa kiume huchelewa" achana nayo.

Sisi kuiacha mchana tulilia siku nne, na wateja wawili walinihama. Kila alipoguna nikawa namjibu: dagaa, ndoo, boti. Baada ya miezi miwili, konda kaita "Buzuruga!" na sauti ikatoka mapajani kwangu: "Zuuga!" Daladala nzima ikacheka.

Ya mdogo wake inakaa kwenye kikombe chenye mfuniko. Inatoka usiku.