Kosi ya Uandishi, Mwaka wa Kwanza: Mmeuliza, Nawajibu

Vyuo vikifunguliwa mwezi Agosti, simu yangu hujaa maswali. Nafundisha uandishi wa msingi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Kampala, na nusu ya mnayoniuliza imeshajibiwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo wa kosi, ule mnaopewa wiki ya kwanza mkaufungia maandazi. Nimechagua machache. Majina nimeyaacha.

Mwalimu, kwenye UACE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata D2 ya General Paper, ile karatasi ya insha. Kwa nini nilazimishwe kusoma uandishi tena kama mtoto wa sekondari? (Mwanafunzi wa uhasibu, Banda)

Hongera kwa D2. General Paper huandikwa kwa mkupuo mmoja: unaingia, unachagua swali, unamwaga ulichonacho, muda unaisha, unatoka. Hakuna anayekuuliza jambo hilo umelisoma wapi, wala anayekurudishia karatasi akisema aya ya tatu haina kazi, iondoe. Kosi yangu inaanzia hapo. Insha moja utaiandika mara tatu. Rasimu ya kwanza naisoma bila kuipa alama, ya pili anaisoma mwenzako, ya tatu ndiyo yenye alama. Nikiona ya tatu ni ile ile ya kwanza iliyorekebishwa tahajia tu, alama zake zitakuonyesha nilivyoipokea.

Wanaonipa shida darasani si walioponea chupuchupu kwenye General Paper. Ni waliong'ara. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wanafungua insha kwa "Tangu enzi na enzi binadamu amekuwa...", wanapanga hoja tano za kuunga mkono na tano za kupinga, kisha wanafunga kwa kuitaka serikali iwahamasishe wananchi. Muundo huo umekufikisha chuo kikuu, ushukuru, halafu uuache getini. Na kwa kuwa wewe ni wa uhasibu, nikuongezee ambalo hukuuliza: utaandika ripoti za ukaguzi maisha yako yote, na mkurugenzi atakayezisoma hatakuwa na subira ya kukutafuta kwenye ukurasa wa tisa.

Insha iwe kurasa ngapi?

Hatuhesabu kurasa, tunahesabu maneno. Na herufi za ukubwa wa 14 nazitambua hata kabla sijavaa miwani.

Binti yangu anasema kosi ya uandishi inahitaji shilingi 300,000: vitabu, kuchapisha, na "ya kumwezesha mhadhiri". Ni kweli? (Mama, Arua)

Mama, asante kwa kuuliza kabla ya kutuma. Kosi hii inahitaji daftari, kalamu na pesa kidogo ya kuchapisha kazi. Vitabu viko maktaba. Hiyo ya kumwezesha mhadhiri haipo: mhadhiri huwezeshwa na mwajiri wake. Kama kweli yupo anayemdai, binti aende kwa mkuu wa idara akiwa na ujumbe wa simu kama ushahidi. Kama hayupo, hayo ni mazungumzo yenu ya nyumbani na mimi sitaingia katikati.

Kuna jingine linalonitia wasiwasi kuliko hilo. Karibu na kila chuo kuna vibanda vya kutaipu na kutoa kopi. Wengi ni watu waaminifu wanaojitafutia riziki, ila wapo wanaouza insha zilizokwisha kuandikwa, tena ile ile kwa wanafunzi kadhaa, nami huzipokea zote siku moja. Muulize kwa upole kama hizo 300,000 haziendi huko. Ila usinipigie kuniuliza alama zake. Ni mtu mzima, alama ni zake, atakuonyesha mwenyewe.

Nilikosa wiki nne za kwanza kwa sababu ada ilichelewa. Sasa naambiwa nimevuka kiwango cha kukosa. Hiyo ni haki? (Mbarara)

Tupige hesabu. Muhula wa wiki 17 una wiki 15 za masomo na 2 za mitihani. Vyuo vingi vinadai mahudhurio ya asilimia 75. Ukikosa wiki nne kati ya 15, umebaki na asilimia 73. Ungekuja wiki moja tu zaidi ungepona.

Kilichokuponza si ada, ni kudhani kwamba asiyelipa ada haruhusiwi kukaa darasani. Katika vyumba nilivyofundishia sijaona mlinzi anayekagua risiti mlangoni. Ada hukubana kwenye usajili na kwenye kibali cha kufanyia mtihani. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye shida ya ada aje, akae, aandike, na ndani ya wiki ya kwanza amwarifu mhadhiri kwa maandishi. Wewe umeshachelewa, basi andika barua kwa mkuu wa idara, ambatanisha uthibitisho wa tarehe ambayo ada iliingia benki, na ueleze jinsi utakavyofidia kazi ulizokosa. Barua iwe ukurasa mmoja. Ukienda na machozi bila karatasi, utarudi na machozi.

Nisiwasahau wakubwa wa vyuo. Tarehe zenu za mwisho za ada hazijui msimu wa kahawa, wala hazijui kwamba mishahara ya wazazi huchelewa. Mngeruhusu usajili wa muda kwa anayelipa kwa awamu, mngepunguza barua hizi kwa kiasi kikubwa.

Nimetoka Goma, sekondari nilisoma kwa Kifaransa. Kila insha inarudi na wino mwekundu: "Hoja yako ni ipi?" Hoja ipo, iko mwishoni! Je, ni Kiingereza changu kibovu? (Kansanga)

Ndugu yangu, Kiingereza chako kina makosa yake lakini siyo yaliyoleta wino huo. Shule za Kifaransa zilikufundisha kuuliza swali, kuleta wazo, kuleta pingamizi lake, kisha kuyapatanisha mwishoni. Ni njia ya heshima na ina mantiki yake. Huku tunataka jibu kwenye aya ya kwanza, na aya zinazofuata zilithibitishe. Mhadhiri aliyezoea hivyo akifika ukurasa wa pili bila kukutana na jibu, anadhani huna.

Fanya hivi. Andika rasimu ya kwanza kwa njia uliyoizoea, usijilazimishe. Ukimaliza, nenda kwenye aya ya mwisho, tafuta sentensi inayobeba uamuzi wako, ipandishe juu kabisa. Halafu soma kila aya ukijiuliza inaitumikiaje sentensi hiyo. Isiyoitumikia, ifute hata kama ina Kiingereza kizuri. Pingamizi usilitupe, lipe aya moja katikati na ulijibu hapo hapo.

Yapo na madogo madogo: zile alama za nukuu za « » hazitumiki huku, na tatu na nusu ni 3.5, siyo 3,5. Makosa ya sarufi usipigane nayo yote kwa pamoja. Chagua aina mbili, zifanyie kazi mwezi mzima, kisha uende nyingine. Na muhtasari wako uandike kwa Kiswahili kama ndivyo unavyofikiri vizuri. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe somo la lazima shuleni. Atakayekucheka kwa ajili ya daftari lako, mkumbushe.

Wikipedia inaruhusiwa?

Ianzie, usiishie hapo. Shuka hadi vyanzo vilivyotajwa chini ya makala, visome, ndivyo uvitaje.

Turnitin, ile programu ya kukagua insha zilizonakiliwa, inaruhusu asilimia ngapi? Na ChatGPT je? (Wengi mno, kila muhula)

Anayeniuliza asilimia ngapi ananiuliza anaweza kuiba kiasi gani. Turnitin haipimi wizi. Inaonyesha maneno yanayofanana na yaliyomo kwenye hifadhi yake, basi. Insha yenye asilimia 25 inaweza kuwa safi kabisa, kwa kuwa mfumo umehesabu nukuu zilizofungwa vizuri na orodha ya marejeo. Yenye asilimia 6 inaweza kuwa na aya nzima iliyonyofolewa kwa mtu. Ndiyo maana huwa naifungua ripoti yenyewe. Na kubadilisha neno moja moja ili namba ishuke si kuandika upya. Mawazo yamebaki ya mwenyewe, na mpangilio wake pia.

Kuhusu ChatGPT, soma mwongozo wa kosi yako kwa sababu sisi wahadhiri hatuna msimamo mmoja. Wangu ni huu: iulize ikueleze jambo usilolielewa, ila sentensi ziwe zako. Turnitin iliongeza kipimo cha maandishi ya akili mnemba Aprili 2023, lakini simhukumu mtu kwa kipimo hicho peke yake. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba vipima vya namna hii huwashuku bure watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Hapo tumo karibu sote, nami nikiwemo.

Ninachokitazama ni rasimu. Nataka ile ya kwanza, chafu, yenye mistari iliyokatwa na swali ulilojiandikia pembeni. Mwenye rasimu zake huwa simsumbui hata kama insha yake imenyooka ajabu. Asiye na hata moja ataitwa ofisini anieleze kwa mdomo aya yake ya pili ilikuwa inasema nini. Wengine huanza kuisoma kwa mara ya kwanza wakiwa mbele yangu.

Halafu kuna marejeo hewa. Mashine hizi hubuni vitabu: jina la mwandishi zuri, mwaka unaoaminika, kitabu hakipo duniani. Mimi hutafuta. Rejeo moja la kubuni kwangu ni sifuri ya insha yote, na hilo limeandikwa kwenye mwongozo.

Tuko kumi kwenye kundi, wanaofanya kazi ni wawili. Tuwafute wengine majina?

Msifute. Kila mmoja aandike nusu ukurasa kwa mkono, akieleza alichofanya, atie saini, na zote ziambatanishwe. Wavivu hujitaja wenyewe.

Ila niseme ukweli ambao wenzangu hawataupenda. Kazi za kundi kwenye kosi ya uandishi zipo kwa sababu kusahihisha karatasi 30 ni rahisi kuliko 300. Ni nafuu yetu sisi, na wanaoilipia ni wale wanane wanaomaliza muhula bila kuandika aya moja. Kwangu kundi ni la kusomeana rasimu tu.

Mtindo wa APA wa kuandika marejeo unataka jina la ukoo litangulie. Ngũgĩ wa Thiong'o naye ni Thiong'o?

Ni Ngũgĩ. Hivyo ndivyo maktaba zinavyomworodhesha, na tusimkosee jina mtu aliyesoma hapa hapa Makerere. Programu za kupanga marejeo hukisia kwamba jina la mwisho ndilo la ukoo, na kwa majina yetu hukosea mara kwa mara. Angalia jalada, angalia katalogi ya maktaba.

Mtihani nilifanya, kazi zote nilikabidhi, lakini alama za muhula hazionekani kwenye mfumo. (Gulu)

Swali langu la kwanza: nakala iliyosahihishwa unayo? Kama unayo, iambatanishe na barua kwa mkuu wa idara, na nakala yako ya barua hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa. Usiiache karatasi yenyewe halisi ofisini kwa mtu yeyote, hata akutabasamulie. Kama huna, tafuta ile orodha ya kukabidhi uliyotia saini. Kama hukutia saini popote, una kazi ngumu. Ninyi mlioanza mwaka huu, kila karatasi yenye alama ihifadhiwe mpaka siku ya kuvaa joho. Nimewaona watu wakikosa mahafali kwa karatasi moja iliyopotea, na si wao walioipoteza.

Mfumo uliandika mwisho ni Jumatatu 00:00. Nilituma Jumatatu jioni, siku haijaisha, ukanifungia!

00:00 ya Jumatatu ni saa sita ya usiku wa kuamkia Jumatatu. Ulichelewa kwa takriban siku nzima. Kwangu kila siku ya kuchelewa ni alama 5, na baada ya siku tatu sipokei. Umeme kukatika Jumapili usiku si udhuru kwa kazi uliyopewa wiki tatu kabla. Msiba ni udhuru, na ugonjwa wenye karatasi ya daktari.

Nimekutumia insha kwa WhatsApp, umeipata?

Nimeipata, sijaifungua. Ipeleke kwenye mfumo.