Ujerumani usitazame treni tu, tazama na behewa

Nilitoka Berlin saa kumi jioni kwenda Wuppertal kwa shangazi, ambaye sikuwa nimemwona miaka kumi na moja. Tiketi ninayo, kiti nimepata dirishani, na ubao wa stesheni uliandika Wuppertal waziwazi. Nikatulia. Kumbe zile zilikuwa treni mbili zimeunganishwa. Tulipofika Hamm zikaachanishwa: moja ikashika njia ya Hagen, Wuppertal na Köln, na hii niliyokaa mimi ikaelekea Dortmund, Essen na Düsseldorf. Tangazo lilitolewa, ila mimi nilikuwa nimeziba masikio kwa muziki.

Aliyenishtua ni mama aliyeketi mbele yangu. Nilikuwa nampigia shangazi kumwambia nakaribia, na katika Kiswahili changu chote yule mama akaambulia neno moja, Wuppertal. Akagonga meza kwa kidole, kisha akanionyesha kibao kidogo cha taa karibu na mlango wa behewa: Düsseldorf. Moyo ulinipiga paa.

Tangu siku hiyo sipandi treni ya masafa kabla sijatazama namba ya behewa iliyo kwenye tiketi na kile kibao cha mlangoni. Jukwaani kuna herufi, A, B, C na kuendelea, zinazokuonyesha behewa lako litasimama wapi; fika mapema usimame hapo. Kama hukukata tiketi yenye kiti, taja tu jina la mji mlangoni. Kijerumani hakihitajiki. Sisi tumezoea konda anayening'inia mlangoni akiita "Mbagala, Mbagala!", na ukikosea gari abiria watatu watakushusha kabla hujakaa. Kule watu hunyamaza kwa kuamini kwamba unajua uendako, lakini ukiwauliza wanakusaidia kwa moyo mmoja.

Ukishapotea, mfuate mkaguzi wa tiketi kabla yeye hajakufikia. Mimi nilimfuata behewa mbili mbele. Akanisikiliza, akaandika maneno machache nyuma ya tiketi yangu ili nisidaiwe nauli nyingine, akanishusha Dortmund nikapande treni ya mkoa inayopitia Hagen. Anayejieleza mwenyewe hapokelewi kama aliyekutwa.

Berlin kwenyewe angalia jambo jingine. Treni za mjini hazina mageti kama yale ya mabasi ya mwendokasi ya Dar, unanunua tiketi ya karatasi kwenye mashine na kupita. Mashine nyingine huitoa ikiwa bado haijagongwa muhuri, nayo haina kazi mpaka uigonge kwenye kisanduku kilicho jukwaani. Mwenzangu wa kozi hakujua. Wakaguzi waliingia wamevaa nguo za kawaida, naye akalipa faini ya euro 60 huku tiketi aliyoinunua anayo mkononi. Iliniuma sana, maana ile ilikuwa hela yake ya chakula.

Na namba ya mwenyeji wako iandike kwenye karatasi. Simu yangu ilizima chaji palepale Dortmund, na namba ya shangazi ilikuwa humo humo. Watu wa kuniazima simu walikuwepo, lakini ningepiga namba gani?

Nilishuka Wuppertal karibu saa tatu usiku. Shangazi alikuwa jukwaani, khanga ameifunga juu ya koti, mikono imeganda kwa baridi.

"Mwanangu," aliniambia, "treni tatu zimepita, na kila mlango nimeutazama."